Mfuko wa simenti au gazeti? Kuchagua karatasi na gundi ya kolaji hapa Lubumbashi

Nyumbani kwetu Katuba, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, nimetundika ubao wa triplex, yaani plaiwudi, wenye vipande viwili vya karatasi. Cha juu ni gazeti, cha chini ni karatasi ya mfuko wa simenti. Nilivibandika siku moja, kwa gundi ya sufuria moja, mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka juzi. Nusu ya kila kipande niliifunika kwa kartoni, nusu nikaiachia jua. Mwezi uliopita nikaitoa ile kartoni. Gazeti upande wa jua limekuwa na rangi ya chai, na ukiligusa pembeni kwa ukucha linameguka kama ganda la ndani la karanga. Upande uliofichwa bado ni wa kijivu, herufi zinasomeka bila shida. Karatasi ya simenti imepauka kidogo tu. Nilijaribu kuichana ukingoni kwa vidole viwili, ikakataa.

Ubao huo ndio ninaowaonyesha vijana wanaotaka kujifunza kolaji, sanaa ya kutengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi, wanaokuja kuniuliza, "Yaya (ndivyo tunavyomwita hapa aliyetutangulia kuzaliwa), nianze na karatasi gani?" Wengi wao wana jicho zuri. Wanajua kukata, wanajua kupanga, wanajua sura ipi ikae wapi. Lakini kwa kuwa karatasi ya kuokota haina bei, wanadhani haina tofauti: karatasi ni karatasi. Halafu mvua mbili zinapita, kazi inajikunja kama kiwavi, au sura waliyoihangaikia wiki nzima inageuka kahawia, na wanaona kama mkono wao ndio mbaya. Mkono hauna kosa. Walichagua vibaya mapema, kabla hata ya kushika mkasi.

Neno kolaji limetoka kwenye Kifaransa, coller, yaani kubandika, na sisi tunaoita gundi "kole" hatuhitaji mkalimani. Vitabu huanzia na Pablo Picasso na Georges Braque, ambao mwaka 1912 huko Ufaransa walianza kubandika vipande vya magazeti na karatasi za kupambia kuta ndani ya kazi zao. Magazeti yale leo ni ya kahawia, licha ya kutunzwa ndani ya majumba ya makumbusho. Mimi napenda zaidi kuanzia karibu. Bodys Isek Kingelez, Mkongo aliyefariki mwaka 2015, alijenga miji mizima kwa karatasi, kartoni na mabaki ya vifungashio, na mwaka 2018 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho yake peke yake. Kabla ya kujulikana alikuwa fundi wa kukarabati vitu vya makumbusho kule Kinshasa. Hilo kwangu si jambo dogo. Mtu aliyekaa miaka akitengeneza vitu vilivyoliwa na wadudu na unyevu hachukui karatasi kwa kubahatisha. Na hapa hapa Lubumbashi tunaye mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye katika mfululizo wa picha unaoitwa Mémoire, wa mwaka 2006, aliwatoa wafanyakazi kwenye picha za kumbukumbu za wakati wa ukoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Yeye aliunganisha kwa kompyuta, lakini tendo ni lile lile: unakitoa kitu pale kilipokuwa kimesahaulika na kukiweka mahali ambapo mtu atalazimika kukiangalia.

Sasa turudi kwenye ubao wangu.

Mfuko wa simenti

Chukua mfuko wa kilo 50 uliokwisha kumwagwa. Kwanza angalia umetengenezwa kwa nini. Mingine siku hizi imefumwa kwa nyuzi za plastiki. Hiyo waachie wauza makala, yaani makaa. Ule wa karatasi una tabaka mbili au tatu. La nje lina jina la kiwanda na maandishi ya uzito. La ndani limejaa vumbi. Likiwepo la katikati, hilo ndilo ninalolitafuta: kahawia safi, halijaguswa na mkono wa mtu wala simenti.

Karatasi hii inaitwa krafti, neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu, na jina halidanganyi. Mbao huchemshwa kwa dawa mpaka sehemu kubwa ya lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, itoke. Nyuzi zenyewe zinabaki ndefu na nzima. Gazeti hutengenezwa kwa njia nyingine: mti unasagwa tu, nyuzi zinakatikakatika, na lignini inabaki humo humo. Lignini ikipigwa na jua na hewa inageuka njano, na asidi inayozaliwa humo inazila nyuzi polepole. Kwa hiyo rangi ya chai pale ukutani kwangu si uchafu. Karatasi inajila yenyewe kutoka ndani.

Mifuko naipata kwa waashi. Nenda asubuhi, kazi inapoanza, umsalimie msimamizi vizuri, umwambie unataka ya karatasi na usiikute imechanwa. Ukienda jioni utakuta imeshawashiwa mbabula, jiko la makaa. Wengi hutoa bure. Wengine wataomba kitu kidogo cha maji, na ni haki yao, maana wamekukunjia na kukuwekea kando.

Kusafisha ndiko watu wanakoharakisha na kujiumiza. Simenti ikikutana na maji inakuwa kali, inachoma ngozi, na vumbi lake halifai kifuani. Funga kitambaa puani, simama uani na upepo mgongoni, kung'uta, kisha piga brashi kavu pande zote. Baada ya hapo tu ndipo unapitisha kitambaa kilichokamuliwa sana. Usiutumbukize mfuko kwenye beseni ukiwa bado na vumbi. Utajipikia zege kwenye karatasi. Na unawe mikono hata kama huoni kitu.

Ikishakuwa safi, iponde. Ikunje iwe kama ngumi, ifungue, ikunje tena upande mwingine, mara ishirini, thelathini. Inalainika mpaka inakuwa kama ngozi ya mbuzi, na mikunjo inashika rangi kwa namna ambayo brashi haiwezi kuiga. Ukiichana badala ya kuikata, ukingo unatoa manyoya mepesi ya rangi hafifu. Ukingo ule ndio uliofanya niipende. Ninapotaka kuonyesha mlima wa masalia ya shaba pale mjini, ule mweusi ambao kila mtu wa hapa anaujua, sipaki rangi ukingoni. Nachana tu karatasi kwa mwendo wa kilima, na yale manyoya yanakuwa vumbi la kiangazi likipita juu yake.

Lakini lazima ujue nyuzi zinaelekea wapi. Chana kipande kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja mchano unaenda moja kwa moja, upande mwingine unapinda na kukimbia. Ule ulionyooka ndio mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ikilowa gundi hupanuka zaidi kwa kukata nyuzi kuliko kwa kuzifuata, ndiyo maana vipande viwili vilivyobandikwa kwa mielekeo tofauti huvutana hadi vinafanya vilima. Kwenye kazi kubwa naelekeza nyuzi zote za tabaka moja upande mmoja. Kazi ndogo hainisumbui.

Kasoro zake nazijua pia. Ni nzito, haikubali vipande vidogo vya jicho au kidole, na mkasi butu unaitafuna tu. Ikikauka inavuta, ubao mwembamba unapinda nao. Na haisemi neno. Nje ya jina la kiwanda na ile namba 50, imenyamaza.

Gazeti

Gazeti ni msemaji. Hilo ndilo jambo lake kubwa, na nusu ya kolaji ni kusema. Kichwa cha habari kilichokatwa katikati kinamfanya mtazamaji asogee. Picha ya gazeti, ukiikaribia, inakuwa nukta tu, na ukirudi nyuma inakuwa mtu. Linapokea gundi mara moja, linafuata umbo lolote, linafunika maungio bila kuonyesha unene. Mwanafunzi akitaka kujaribu mawazo kumi kwa siku moja, hakuna karatasi itakayomfaa kuliko gazeti.

Hapa mjini magazeti ya kuokota hayajazagaa sana. Mimi nayapata sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa mama wa karanga, ingawa naye siku hizi hufunga kwa kurasa za daftari zaidi. Ya pili ni kwa mafundi wa kupaka rangi magari. Wao hufunika vioo kwa gazeti kabla ya kupuliza rangi, na wakimaliza wanalivua na kulitupa. Tafuta gazeti hilo. Katikati ni safi, na pembeni lina ukingo wa rangi ya buluu au nyekundu iliyofifia taratibu, kwa umbo kamili la kioo cha gari. Mwaka jana nilipata moja lenye ukingo wa kijani ambamo lilibaki neno moja tu la kichwa cha habari, "mshahara". Sikulikata hata kidogo. Nililiweka katikati ya kazi kama lilivyokuja.

Udhaifu wake umeshauona ukutani kwangu. Ongeza kwamba likilowa linachanika kwa pumzi, kwa hiyo paka gundi kwenye ubao badala ya kulipaka gazeti lenyewe, na wino wake unahamia kwenye vidole halafu kwenye kila kitu unachoshika. Nawa kabla ya kugusa karatasi nyeupe.

Kuna njia ya kati ambayo naitumia sana: fotokopi. Karatasi ya ofisi ya gramu 80 inayotengenezwa siku hizi kwa kawaida huwa na chokaa ndani yake, inazuia asidi, inazeeka polepole kuliko gazeti. Lakini uliza mashine ni ya aina gani. Fotokopi ya leza hutumia unga unaoyeyushwa kwa joto ukashika kwenye karatasi, na unga huo hauogopi maji. Printa ya wino wa maji ukiipitishia brashi yenye gundi, sura inalia machozi meusi hadi kidevuni. Lowesha kidole, gusa ukingo, utajua kabla hujaharibu.

Na ukibahatika kukuta kwa mzee fulani gazeti la enzi za Élisabethville, jina la mji huu wakati wa ukoloni, tuseme L'Essor du Congo, lililoanza mwaka 1928, nakuomba usiliwekee mkasi. Piga fotokopi, rudisha.

Nikilazimishwa kuchagua moja kati ya haya mawili, nachukua mfuko wa simenti bila kusita. Kazi iliyo kimya inaweza kuongezewa maneno kesho, lakini iliyomeguka imekwisha. Ila halazimishwi mtu. Kwenye kazi zangu mfuko unabeba, gazeti linasema: krafti chini na kwenye sehemu kubwa, gazeti au fotokopi yake kwenye sehemu chache zinazohitaji sauti.

Zile nyingine, kwa haraka

Kalenda za ukutani na majarida yenye kung'aa yana rangi za ngozi ya binadamu ambazo huzipati kwingine, na Januari kalenda za mwaka uliokwisha hutupwa kila mtaa. Uso wake umepakwa tabaka la udongo mweupe laini, ndiyo maana unang'aa, na ndiyo maana maji ya gundi yanakwama na kufanya mapovu. Sugua mgongo wake kidogo kwa msasa mwembamba, paka gundi nzito, bonyeza kutoka katikati kwenda nje.

Kurasa za daftari za shule nazipenda kwa sababu ya mwandiko wa mtoto. Kalamu ya kawaida ya bolipeni haimwagiki kwenye gundi. Wino wa jeli mara nyingi unamwagika.

Risiti za mashine, zile laini zenye weusi hafifu, usizitumie kabisa. Ni karatasi ya joto: haina wino, ina dawa inayogeuka nyeusi ikipashwa. Ipige ukucha kwa kasi, utaona mstari mweusi. Ndani ya miezi maandishi yanafifia, au karatasi yote inakuwa kijivu ukiiacha juani.

Kartoni ya maboksi ni ya bure na ni nyepesi, lakini kama msingi wa kazi inaonyesha mabonde yake baada ya muda, na inanywa unyevu. Triplex ni bora, hata mabaki ya seremala. Ipake kwanza tabaka jembamba la gundi pande zote mbili, iache ikauke.

Gundi: uji wa muhogo au kole nyeupe

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopata hasara ambayo bado inaniuma.

Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa migodi. Alianza Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, miaka minne kabla mji huu haujaanzishwa, akamalizia Gécamines baada ya mali ile kutaifishwa mwaka 1967. Aliacha cheti chake cha kazi: karatasi moja nene, imechapwa kwa mashine ya taipu, mhuri wa zambarau pembeni. Nilikipata kwenye sanduku, nikakiona kizuri, nikakibandika katikati ya kazi kwa kole nyeupe, ile ya chupa inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Nilikuwa na furaha nayo sana kazi ile.

Miezi michache baadaye shangazi alikuja. Kulikuwa na mambo ya lupango la babu, yaani kiwanja chake, yanafuatiliwa, na ofisi ilikuwa imeomba karatasi zake halisi.

"Mwanangu, cheti cha baba kiko wapi?"

"Kipo, shangazi. Kiko kwenye kazi."

"Kazi gani?"

Nikamwonyesha. Aliangalia muda mrefu. Hakupandisha sauti.

"Basi kitoe."

Nilijaribu usiku mzima. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mvuke wa sufuria, wembe uliolazwa chini. Kole nyeupe ikishakauka ni plastiki. Maji yanailainisha kidogo, inavimba, inakuwa kama ulimbo, lakini haiachii. Karatasi ndiyo inayoachia. Kona ya mhuri ilitoka vipande vitatu, na kimoja kilibaki ubaoni.

Tangu siku hiyo nina sheria moja kwenye meza yangu: karatasi yenye jina la mtu, mhuri, au uso wa mtu anayekumbukwa na familia haibandikwi. Inabandikwa fotokopi yake.

Na nikajifunza uji wa muhogo. Watu wanaotengeneza karatasi za zamani kwenye majumba ya makumbusho, hasa wale waliofuata mafunzo ya Japani, hutumia uji wa wanga wa ngano kwa sababu hiyo hiyo: ukiulowesha tena, unaachia. Wanga wa muhogo unafanya kazi hiyo, na sisi hapa hatuukosi. Unga wa bukari, yaani ugali, wa kawaida una nyuzinyuzi na mara nyingi umechachushwa, kwa hiyo mimi nachukua muhogo mtamu mbichi, naukwaruza, naukamua kwenye maji kupitia kitambaa, naacha maji yatulie. Chini kunatuama wanga mweupe kama chaki. Namwaga maji ya juu, nauanika.

Kijiko kimoja cha wanga huo, vijiko vinane vya maji. Koroga kwanza kwa maji baridi, usione donge. Weka kwenye moto mdogo, usiache kukoroga. Kwa dakika kadhaa hakuna kinachotokea, unakuwa kama maziwa yenye maji. Kisha ghafla kijiko kinakuwa kizito, weupe unaondoka, na unaona chini ya sufuria kupitia uji. Endelea dakika chache zaidi, epua, chuja kwa kitambaa. Ukipoa unakuwa kama jeli. Ukitaka kuutumia, uponde na uongeze maji kidogo kidogo mpaka ufanane na maziwa mala.

Linganisha basi. Uji hauna harufu kali, unakupa muda wa kusogeza kipande baada ya kukiweka, ukikauka haung'ai, na ukijuta unaweza kurudi: weka kitambaa chenye unyevu juu, funika kwa plastiki, subiri kama dakika ishirini, nyanyua kona polepole. Kole nyeupe inashika haraka, inashika vitu vizito, haiozi kwenye chupa, na kwa karatasi inayong'aa inashinda uji mbali. Uji unakaa siku mbili tatu tu, zaidi ya hapo unachacha, hasa umeme ukikatika na friji ikawa kabati. Na ni chakula: mende wanaujua, panya wanaujua. Kazi ya uji itundikwe mbali kidogo na ukuta, isiegemezwe stoo.

Ile kole ya manjano ya mafundi viatu nataja kwa sababu vijana huipenda kwa nguvu zake. Kwa karatasi ni hasara mara mbili. Moshi wake unaumiza kichwa ndani ya chumba, na baada ya muda inapenya na kuacha doa la kahawia lisilotoka.

Majira nayo yana neno hapa. Kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, hewa ni kavu na uji unakauka haraka kuliko unavyodhani, karatasi inajikunja kabla hujaibonyeza. Paka kidogo kidogo, na funga dirisha maana vumbi jekundu litakaa kwenye gundi na halitatoka. Mvua zikishaanza, kazi inakauka siku mbili, na ukungu unaota chini ya tabaka nene. Msimu wa mvua mimi napunguza uji, nachanganya kole nyeupe kidogo kwenye sehemu za msingi tu, zile ambazo hakuna atakayezitoa kamwe. Majira yote mawili nalaza kazi chini ya ubao wenye matofali manne usiku kucha, na nabandika karatasi ya krafti nyuma ya triplex pia. Ile ya nyuma inavuta kwa nguvu sawa na ya mbele, ubao unabaki umenyooka.

Kwa hiyo uchague nini

Kama unajifunza na unataka mkono uwe mwepesi, tumia gazeti na uji. Utaharibu mengi, hayatakugharimu, na unaweza kuvitoa vipande na kuvipanga upya kesho yake. Usiyatundike, yaweke kwenye folda gizani kama daftari la mazoezi.

Kama unataka kuuza, au kumpa mtu kazi ya kuweka sebuleni, msingi uwe mfuko wa simenti juu ya triplex, maneno yawe fotokopi ya leza, na mwambie mnunuzi asiitundike mkabala na dirisha. Ukiwa umetumia gazeti lenyewe, mwambie pia kwamba litageuka rangi. Wapo watakaolipenda hivyo. Mteja mmoja aliniambia anataka lizeeke pamoja naye, nikampa.

Kama kazi yako inategemea rangi, sura na mavazi, kalenda na majarida, kwa kole nyeupe, na ukubali kwamba hakuna kurudi nyuma.

Kama unashika karatasi za familia, nimeshasema.

Vifaa vya kununua ni vichache: nyembe pakiti moja, msasa mwembamba, brashi mbili, moja ya uji na moja ya kole, zisichanganywe. Mkasi mmoja mzuri ni bora kuliko mitatu ya bei rahisi. Vilivyobaki viko barabarani, kwa waashi, kwa mafundi magari, na kwenye jaa la jirani yako kila Januari.

Ile kazi ya cheti cha babu niliivunja. Niliitengeneza upya kwa krafti iliyopondwa, na katikati nikaweka fotokopi ya vipande vya cheti jinsi vilivyo sasa, pengo la mhuri likiwa wazi, nikaibandika kwa uji. Vipande halisi viko kwenye bahasha, ndani ya sanduku la shangazi. Kazi yenyewe iko sebuleni kwake, kwenye ukuta wa upande wa kivuli. Alipoitundika aliniuliza swali moja tu: "Hii ukitaka kuitoa, inatoka?"

Nikamwambia inatoka.